Barua kwa mwanangu: kadi zinapoondolewa Standard

Mombasa, Jumapili usiku

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na mama yako anakusalimu sana. Swali lako nimelikalia siku tatu, sikutaka kukujibu juu juu. Unasema kadi za Magic Online, ule mchezo wa kadi wa kwenye kompyuta, ulizochezea Standard (mtindo unaoruhusu seti mpya tu) zinakaribia kuondolewa humo kwa uzee, bei zinaporomoka kila siku, nawe una dola 400 ulizoweka kando. Je, ununue sasa watu wanapozitupa, uje uuze zikipanda? Tena umeandika, "Baba, wewe mwenyewe ulifanya hivyo ulipokuwa Coventry kule Uingereza."

Kweli nilifanya. Ila hadithi uliyoisikia mezani ni kile kipande kitamu tu. Leo nakupa yote.

Mwaka 2011 nilikuwa namalizia masomo. Seti ya Innistrad (seti ni kundi la kadi zinazotoka pamoja) ilikuwa inaingia mwishoni mwa Septemba, na kuingia kwake ndiko kulikoziondoa Standard kadi za seti ya zamani, Zendikar. (Standard ya siku hizo ilikuwa ya miaka kama miwili, hii mitatu uliyoizoea wameileta 2023.) Basi kila mtu akawa anauza. Kadi zenyewe hazikuwa na kasoro yoyote. Mchezaji alitaka tiketi, ambazo ndizo sarafu ya humo, za kununulia kadi mpya, na tiketi hizo angezipata wapi kama si kwenye kadi za zamani? Wakauza wote kwa pamoja, roboti za biashara (programu zinazonunua na kuuza kadi zenyewe) zikajaa mzigo, zikawa zinashusha bei ya kununulia asubuhi na kuishusha tena jioni.

Miongoni mwa kadi hizo ilikuwamo Misty Rainforest. Ni kadi ya ardhi, haina makeke: unaitoa kafara, unalipa uhai mmoja, unatafuta kadi ya msitu au ya kisiwa kwenye deki yako, yaani fungu lako la kadi za kuchezea, na kuiweka mezani. Lakini Agosti ya mwaka uleule Wizards of the Coast, wenye mchezo huu, walikuwa wametangaza Modern, mtindo ambao kadi haiondolewi kwa uzee. Nikajiambia, deki za rangi mbili na tatu huko zitahitaji ardhi kama hii. Kadi za bei ya chini kuliko hiyo zilikuwa tele. Hii niliichagua kwa sababu ilikuwa na nyumba nyingine ya kuhamia.

Nakumbuka usiku wenyewe. Saa nane, kipasha joto nimekizima kwa ajili ya bili, khanga aliyonipa mama yako uwanja wa ndege nimejitanda mabegani. Nafungua dirisha la biashara na roboti moja, nachukua nne. Naiacha, naingia kwa nyingine, nachukua tatu. Hadi adhana ya alfajiri ikilia kwenye simu nilikuwa na nakala kumi na sita, kila moja imeandikwa daftarini: tarehe, tiketi, jina la muuzaji. Mali bila daftari hupotea bila habari, babu yako alikuwa akiniambia hivyo tangu dukani kwake.

Usiku huohuo nilinunua pia kadi za viumbe wakubwa waliokuwa wametamba kwenye mashindano ya Standard mwaka mzima. Niliwachukua kwa sifa zao tu. Modern hakuna aliyewataka, na mpaka leo wamo kwenye akaunti yangu, hata roboti haziwaulizi.

Zile ardhi zilipanda, zikafika mara kadhaa ya nilichotoa. Mwaka 2014 niliuza nane, zikasaidia karo yako. Mama yako akasema uza zote. Nikakataa, nikiona zitapanda milele. Machi 2017 ikatoka seti ya Modern Masters 2017, na Misty Rainforest imo ndani, imechapishwa upya. Kwenye kompyuta hakuna karatasi wala wino, mwanangu. Kadi huongezeka kadiri watu wanavyofungua pakiti. Ndani ya siku chache faida ya miaka ikayeyuka. Kosa lilikuwa langu, na mama yako hakunisema hata neno moja, jambo lililoniuma zaidi.

Sasa kuna jambo nataka ulielewe vizuri, maana hukuliuliza. Zamani kilichozuia bei isifike chini kabisa ni kukomboa seti: ukikamilisha kadi zote za seti moja, unalipa ada, unaletewa zile za karatasi. Wafanyabiashara walinunua kadi adimu hata zisizochezwa, ili wakamilishe seti tu. Mwaka 2013 ada ilipotoka dola 5 kwenda 25, thamani ya seti ya kidijitali ilipungua papo hapo. Tena kila seti ina tarehe yake ya mwisho. Tarehe ikipita, kadi haina tena mwili wa kuuvaa, imebaki kutegemea wachezaji peke yao. Na kwa mkataba tulioubonyeza kukubali, hatumiliki hata moja. Tumepewa ruhusa ya kuzitumia. Tiketi nayo, dukani mwao unauziwa dola moja, lakini wao hawainunui tena. Ukitaka pesa mkononi utaiuza kwa mtu mwingine, na atakupa pungufu ya dola.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kwanza uza zako, wiki hii, usingoje siku yenyewe. Walioujua mchezo wanaanza kuuza mapema. Katika zile 400 tumia 100 tu. Nunua ardhi na kadi ndogo ndogo ambazo tayari zimo kwenye deki zinazoshinda Modern au Pioneer (mtindo mwingine usioondoa kadi kwa uzee) sasa hivi, orodha zake zinatolewa bure. Kadi unayoitumainia tu kwamba itakuja kuchezwa, iache. Na ikifika mara mbili ya ulichotoa, uza nusu siku hiyohiyo hata kama moyo unakataa. Jua pia kwamba siku hizi wengi wanakodi deki kwa muda na kurudisha, kwa hiyo wanunuzi wa kuweka si wengi kama wa wakati wangu.

Dola 300 zilizobaki ziache benki. Kodi ya nyumba yako inapanda Januari, uliniambia mwenyewe.

Usinunue chochote kabla hujanitumia orodha. Daftari la Coventry nimelitoa sandukuni, kurasa zimeshikana kwa unyevu lakini zinasomeka. Nipigie Jumamosi baada ya Isha, tulipitie pamoja.

Baba yako