Windows 11 ya elfu ishirini na tano: usitume hela kwanza

SWALI: Habari za kazi fundi, pole na majukumu. Nyumbani tuna kompyuta mbili, laptopu yangu ya HP na desktopu ya watoto, zote zina Windows 10 na kila siku zinaniletea ujumbe kwamba apdeti zimeisha. Sasa kuna kijana kanitumia tangazo WhatsApp, Windows 11 Pro ya maisha elfu 25 tu, badala ya laki tano, na nikichukua mbili ananifanyia elfu 40. Ninunue? Na picha za familia zitapona kweli? (Mama wa wawili, Morogoro)

JIBU: Nzuri dada yangu. Hiyo hela usiitume kwanza, maana inawezekana kabisa unataka kununua kitu ambacho tayari ni chako.

Ujumbe unaouona ni wa kweli, Windows 10 iliacha kupewa apdeti za kawaida za usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini tangu Windows 11 itoke, Oktoba 2021, Microsoft wanaitoa bure kwa kompyuta yoyote yenye Windows 10 halali inayokidhi vigezo, bure kabisa wala hakuna cha ofa. Kwa hiyo fungua Settings, ingia Update & Security, halafu Activation. Ukikuta pameandikwa "Windows is activated with a digital license" na laptopu ulinunua ikiwa na Windows yake ya kiwandani, leseni unayo. Laptopu zilizotoka kiwandani na Windows kuanzia enzi za Windows 8 namba ya leseni imehifadhiwa ndani ya madabodi yenyewe, hata ufute diski nzima yenyewe inabaki pale pale.

Kinachobaki ni je, mashine inaiweza? Inatakiwa ramu ya GB 4 kwenda juu (mimi nasema 8, ya 4 itakuchosha), diski kuanzia GB 64, chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na prosesa (ubongo wa kompyuta), na hapa kwenye prosesa ndipo wengi wanapokwama. Kwa prosesa za Intel inatakiwa kizazi cha 8 kwenda mbele. Soma namba baada ya kistari: i5-8250U ni kizazi cha 8, inapita, i5-7200U ni cha 7, haipiti. Zile laptopu za HP EliteBook 840 zilizojaa madukani, G3 ni kizazi cha 6, G4 cha 7, G5 nyingi ndizo za 8, kwa hiyo ukiwa unanunua laptopu yusidi mwaka huu hiyo tofauti ya G3 na G5 usiichukulie poa hata kidogo. Hutaki kusoma namba, pakua programu ya Microsoft inaitwa PC Health Check, itakwambia yenyewe ndiyo au hapana. Ikikataa kwa sababu ya TPM tu usikate tamaa, kwenye desktopu nyingi ipo ila imezimwa, unaingia BIOS (setingi za ndani zinazofunguka kabla Windows haijawaka) unaiwasha, kwa Intel inaitwa PTT na kwa AMD inaitwa fTPM. Tahadhari moja hapo, kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli la Windows la kulinda diski), kabla ya kugusa BIOS ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike pembeni ile namba ya kufungulia, ina tarakimu 48, bila hiyo kompyuta inaweza kugoma kufunguka na picha zote zikabaki ndani.

Sasa tuje kwa kijana wa elfu 25. Kwenye duka la Microsoft Marekani, Windows 11 Home (toleo la nyumbani) ni dola 139 na Pro ni dola 199, kwa hiyo jiulize yeye anaipata wapi. Mara nyingi namba hizo ni za leseni za jumla zilizonunuliwa na kampuni au chuo kwa ajili ya mashine zao, mtu kazichomoa anauza moja moja mtaani. Itakubali leo kwa sababu mtambo wa Microsoft unaangalia tu kama namba bado ina nafasi, haukuulizi kama wewe ni mfanyakazi wa hiyo kampuni, na siku namba ikifungiwa anayebaki na tatizo ni wewe. Tena Pro yenyewe kwa matumizi ya nyumbani huihitaji, mambo yake mengi ni ya ofisi. Na nakuomba sana dada, muuzaji akikwambia zima antivairasi kwanza ndipo uendeshe kiprogramu chake, hapo achana naye. Kompyuta hizo wanatumia watoto na pengine ndizo unazoingilia benki, usimfungulie mlango mtu usiyemjua.

Kuhusu kuinstoli, picha zitapona ila usibahatishe, zikopi kwanza kwenye diski ya nje halafu uichomoe kabisa. Faili la Windows 11 linazidi GB 5, sasa ukilishusha mara mbili bando itaisha bure, kwa hiyo tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu cha maana (itafutwa), tengeneza mara moja kwa Media Creation Tool kutoka tovuti ya Microsoft, flashi hiyo hiyo inafanya kompyuta zote mbili. Washa kompyuta kawaida, fungua flashi, bofya setup, na ikikuuliza chagua kubaki na mafaili pamoja na programu. Laptopu iwe kwenye chaja na betri imejaa, desktopu usiifanye siku umeme unakatika katika. Usipoipenda una siku 10 za kurudi Windows 10 kwenye Settings, upande wa Recovery, ila usifute folda la Windows.old, ndimo Windows ya zamani inamokaa, kabla hujaamua.

SWALI: Fundi aliniwekea Pro ya elfu 30, sasa kona ya chini kulia imeandika Activate Windows na namba ya muuzaji haipatikani. Mafaili yamepotea? (Msomaji, Kahama)

JIBU: Hayajapotea kaka, kompyuta itaendelea kufanya kazi, utasumbuliwa na hayo maandishi na hutaweza kubadili picha ya mbele na mapambo mengine. Fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandika amri) uandike slmgr /dli, ukiona neno VOLUME ujue uliuziwa leseni ya kampuni. Kama laptopu ilikuja na Home toka kiwandani leseni yake bado imo ndani, kopi mafaili kwenye diski ya nje, futa diski ya ndani, weka Home upya, ukiunganisha intaneti itajiaktiveti yenyewe.

SWALI: Laptopu yangu ni EliteBook 840 G3, imekataliwa Windows 11. Ndiyo niitupe? (Mwanafunzi, Mbeya)

JIBU: Usiitupe mdogo wangu. Microsoft wana mpango wa apdeti za ziada za usalama kwa Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ni dola 30, au bure ukikubali setingi zako zihifadhiwe kwenye akaunti yao, na usajili mmoja unabeba hadi kompyuta 10 za akaunti hiyo. Unajiandikisha ndani ya Windows Update penyewe, siyo kwa wakala. Zipo njia za kulazimisha Windows 11 iingie hata kwenye G3, zinafanya kazi, ila Microsoft hawakuhakikishii apdeti. Kwa mwanafunzi wa kuandika na kuperuzi mimi ningekushauri ujaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, ni bure kihalali, unaiwasha kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, unaangalia kama waifai, sauti na printa yako vinakubali, ndipo uamue.