Mapango ya Kipatimu kwa watu sita kutoka Dar: badilisheni tarehe kwanza, vifaa baadaye

Mkuu, umeuliza kama watu sita mnaweza kutoka Dar kwenda kwenye mapango ya Kipatimu, kwenye Milima ya Matumbi wilayani Kilwa, wikendi ya Pasaka, mkiwa na tochi za simu na kamba ya mita 30, na kama kuna ulazima wa kuchukua mwenyeji. Kwa kifupi: mwenyeji ni lazima, kamba iacheni nyumbani, tochi za simu hazitoshi, na Pasaka haifai kabisa. Naanza na hilo la Pasaka kwa sababu ndilo linaloweza kuua mtu. Wengi huogopa nyoka na mizimu, kumbe cha kuogopwa ni maji na giza.

Pasaka huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili kila mwaka, yaani katikati ya masika. Kule Matumbi mapango yako kwenye chokaa, na mlima wa chokaa ni chujio. Mvua ikinyesha juu, maji mengi hayatiririki juu ya ardhi, yanazama kwenye nyufa na mashimo. Yakipita kwenye udongo wa msitu yanazoa hewa ya ukaa, yanakuwa na ukali kidogo wa asidi, na ukali huo ndio ulioyeyusha jiwe kwa maelfu ya miaka mpaka njia ikapatikana. Njia hiyo ndiyo mnayotaka kuingia. Inaweza kunyesha kilomita kadhaa kutoka mlangoni, nyinyi mlioko ndani msisikie hata ngurumo, mnakuja kushtuka maji yamewafika magotini.

Barabara nayo ina lake. Mei 2024, mvua za kipindi cha kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kusini maeneo ya Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Mkishachepuka kutoka barabara hiyo pale Njia Nne kuelekea Kipatimu mnaanza kupanda vilima, na gari dogo kwenye udongo uliolowa halina ujanja. Nendeni kati ya Julai na Septemba. Hata wakati huo, ikitokea mvua ya kushtukiza, subirini siku mbili kavu kabla ya kuingia.

Mkifika, someni kuta kabla hamjaenda mbali. Majani makavu, vijiti au mabua yaliyonasa kwenye nyufa juu ya vichwa vyenu yanawaonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Kuta laini zisizo na vumbi, au zenye tope bichi, maana yake njia hiyo bado inatumika na maji. Sehemu nyembamba yenye dalili hizo msiipite, hata kama mbele kunasemekana kuna ukumbi mzuri. Na mkiwa ndani, kijito kilichokuwa cheupe kikianza kuwa na rangi ya chai ya maziwa, au mkasikia mvumo ambao haukuwepo, tokeni papo hapo. Ikiwa maji yameshaziba njia, pandeni sehemu ya juu kabisa, juu ya alama ya majani na vijiti vilivyonasa, zimeni tochi zote ibaki moja, msubiri yapungue. Asijaribu mtu kupiga mbizi.

Sasa mwanga. Kila mtu awe na vyanzo vitatu vinavyojitegemea, na cha kwanza kiwe tochi ya kichwani, kwa sababu mikono yote miwili mtaihitaji. Lumeni (kipimo cha mwanga) 200 za kweli zinatosha sana. Nasema za kweli kwa sababu tochi nyingi za Kariakoo zimeandikwa maelfu ya lumeni kwenye boksi, na hizo ni namba za kuuzia tu. Pima mwenyewe: ichaji ijae, iwashe chumbani, andika saa, kisha angalia inaanza kufifia baada ya muda gani. Muda huo ndio wako, usihesabu ule wa mpaka kuzima kabisa. Ugawe mara tatu: theluthi ya kuingia, theluthi ya kutoka, theluthi ya dharura. Tochi inayodumu saa sita inakupa saa mbili za kwenda mbele, kisha unageuka hata kama mbele panavutia. Simu ihesabiwe kuwa ya kupigia picha. Ikidondoka kwenye maji au kwenye ufa mmepoteza taa na mawasiliano kwa mpigo.

Kofia ngumu ya mafundi ujenzi inafaa kama ina mkanda wa kidevuni. Isiyo na mkanda huanguka mara tu unapoinama, na kwenye pango mtainama sana. Helmeti ya bodaboda ni nzito, ina joto, inaziba masikio. Chukueni glavu za ujenzi, viatu vinavyofunika kifundo vyenye soli ya kushika, na pedi za magoti wanazotumia mafundi vigae. Watu huzidharau dukani, halafu baada ya nusu saa ya kutambaa kwenye kokoto wanazitamani. Jinzi hazifai, zikilowa zinakuwa nzito na zinakwangua ngozi. Betri na viberiti viwekeni kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata hivyo ingechanika kwenye jiwe la kwanza.

Kuhusu kamba: kamba ya nailoni ya dukani haina kipimo cha uzito, inavutika, na kingo za chokaa zinaikata. Wanaojua kazi hiyo hutumia kamba maalumu isiyovutika, ya unene wa milimita 10 hivi, wakiwa na mikanda ya mwili na vifaa vya kupandia, na wamefanya mazoezi nje kwanza. Nyinyi mkikuta poromoko msiloweza kulishuka na kulipanda kwa mikono na miguu yenu tu, hapo ndipo mwisho wa safari. Kushuka kwa kuteleza kunawezekana karibu popote, kazi ni kurudi juu.

Mwenyeji si wa kuwabebea mizigo. Anajua shimo lipi linajaa maji, mlango upi una nyuki, na wapi hapaguswi. Anzeni ofisi ya mtendaji, jitambulisheni, elezeni mnataka kuona nini, mkubaliane malipo hapohapo mbele ya watu. Kumbukeni mko wapi: vita vya Maji Maji vilianzia huku Matumbi mwaka 1905, na pango la Nang'oma linakumbukwa kuwa maficho ya watu dhidi ya Wajerumani. Yapo pia mapango ya matambiko. Mkiambiwa vueni viatu, vueni. Mkiambiwa hapa hakuna picha, wekeni simu mfukoni. Vigae vya vyungu, mifupa, chuma cha zamani, msiokote hata kipande. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ipo, na kitu kikishahamishwa kutoka kilipolala, mtafiti hana tena cha kusoma. Nguzo za chokaa msizishike pia, ziwe stalaktiti zinazoning'inia darini au stalagmiti zinazoota sakafuni. Mafuta ya mkono yanazuia chokaa mpya kushika, na zinakua chini ya milimita moja kwa mwaka.

Njiani kwenye msitu, mwenyeji atangulie, nyuma mfuate nyayo. Mawe huku yamechongoka, na majani yanafunika mashimo, kwa hiyo kila mtu awe na fimbo ya kupimia mbele. Nyoka, kama wapo, hukaa zaidi eneo la mlangoni ambako mwanga bado unafika; pigapigeni fimbo na msitie mkono kwenye tundu msiloliona. Kwa sababu ya nyuki, msijipulizie manukato asubuhi hiyo wala kuwasha moto mlangoni.

Ndani, kosa kubwa ni kutogeuka. Njia panda uliyoipita ukienda haifanani na ileile ukirudi. Kila mkifika njia panda simameni, geukeni wote, muiangalie kwa macho ya kurudi, kisha wekeni kipande cha kitambaa chekundu upande wa kutokea na mkiokote mnapotoka. Msichore kwa rangi wala mkaa. Mwendo ni wa yule wa polepole kuliko wote, na asiyejisikia kuingia asishawishiwe. Kundi la chini ya watu wanne lisiingie: mmoja akivunjika mguu, mmoja anabaki naye, wawili wanatoka pamoja kutafuta msaada. Nje mwacheni mtu mwenye kuijua saa yenu ya mwisho, aliyeambiwa wazi kwamba ikipita hiyo aite watu na asiwafuate peke yake.

Hewa. Vyumba vya chini visivyopitisha upepo, vyenye popo wengi au mizizi inayooza, hukusanya hewa ya ukaa. Wapo wanaopima kwa kiberiti, lakini kiberiti kinaonyesha oksijeni imepungua, hakipimi hewa ya ukaa, na hiyo inaweza kukudhuru moto ukiwa bado unawaka. Mkianza kuhema bila kufanya kazi nzito na kichwa kikauma, rudini juu.

Kwa popo, vaeni barakoa ya N95, ile inayochuja vumbi laini, palipo na mbolea yao kavu, msitimue vumbi, msiwashike, msile chochote ndani. Vumbi hilo linaweza kuwa na kuvu wa histoplasma anayeingia mapafuni. Virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali inayoua, navyo vimehusishwa na popo wa matunda wa mapangoni: mwaka 2008 mtalii wa Uholanzi alifariki baada ya kuingia pango la Maramagambo nchini Uganda, na sisi wenyewe tumepata mlipuko Kagera mwaka 2023.

Kuna aliyependekeza mfanyie mazoezi kwenye mapango ya popo ya Pugu kwa kuwa ni karibu. Siungi mkono. Yale yamechimbwa na watu kwa ajili ya kaolini, udongo mweupe ambao ni laini na huporomoka. Mkitaka kujaribu kwa usalama nendeni Amboni, kilomita 8 hivi kutoka Tanga mjini, kuna waongozaji na njia inayojulikana. (Zile hadithi kwamba ukiingia Amboni unaweza kutokea Mombasa ziacheni, vipimo vya 1994 havikukuta pango linalofika hata kilomita moja.)

Mkirudi, nguo zifueni peke yake na viatu visugueni tope lote. Homa, kikohozi au maumivu ya kifua yakianza ndani ya wiki tatu, nenda hospitali na useme mwenyewe kwamba uliingia pango lenye popo. Usiposema, utapimwa malaria, utaanza kushukiwa TB, na hakuna atakayefikiria kuvu.