Kigumu chini ya chuchu baada ya upasuaji

Ndugu yangu, umeuliza kama hicho kigumu unachokigusa chini ya chuchu, wiki 6 baada ya kupunguzwa matiti, ni nyama inayorudi. Mara nyingi siyo. Ni kovu la ndani, hukaza miezi ya mwanzo kisha hulainika polepole. Umbo lenyewe hutulia baada ya miezi 6 hadi mwaka. Langu lilikuwa kama kokwa ya ukwaju, nikawa nalipapasa usiku kucha kwa hofu. Usilibinyebinye. Muulize daktari aliyekupasua lini uanze kulikanda, maana kidonda kibichi hakikandwi.

Fulana ya kubana kifua, ile unayovaa baada ya upasuaji, ndiyo mtihani, hasa kwa joto hili letu la Malindi mwezi wa tatu. Tafuta mbili, moja ikiwa kwenye kamba nyingine iwe mwilini, jasho likikaa ngozi hutoka vipele. Baharini usiingie mpaka mshono ufunge kabisa, na kovu ulikinge na jua.

Lakini upande mmoja ukivimba ghafla, ukiwa mwekundu na wa moto, ukitoa usaha, au ukishikwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama kwenu mna asili ya keloidi, yaani kovu linaloota na kuvimba kupita kidonda chenyewe, mwambie daktari mapema, usingoje lianze kuota.