"She" ya meli si kanuni ya sarufi

Swali la wiki hii linauliza kama Kiingereza kinawadhalilisha wanawake kinapoiita meli, gari au nchi "she", na kama matumizi hayo yakomeshwe. Kabla ya kufika huko, kuna jambo linaloniudhi zaidi: wanafunzi hufundishwa "she" hiyo kama kanuni, kisha wafasiri huihamishia katika Kiswahili.

Watetezi wake husema ni mabaki ya jinsia za kisarufi za Kiingereza cha kale. Si kweli. Kiingereza hicho kilikuwa na jinsia tatu, ya kiume, ya kike na ya kati, lakini "scip", yaani meli, lilikuwa la jinsia ya kati. Hata "wif", mwanamke, lilikuwa la kati. Jua lilikuwa la kike na mwezi wa kiume, kisha washairi wa baadaye wakageuza. Kwa hiyo "she" ya meli ni desturi iliyoota baadaye, na desturi hubadilika. Tufani za Atlantiki zilipewa majina ya kike matupu kuanzia 1953. Tangu 1979 majina ya kiume yamo pia.

Mabadiliko ninayoyakumbuka sana ni ya Machi 2002. Lloyd's List, gazeti la habari za meli lililoanzishwa London mwaka 1734, lilitangaza kwamba meli sasa itaitwa "it". Hoja ya mhariri ilikuwa ya kibiashara: meli ni mali, na vyombo vingine vingi vya habari vilikuwa vimeshaachana na "she". Wasomaji walilalamika, na jeshi la majini la Uingereza likabaki na "she" yake. Nilipoanza kuandika jibu hili nilikuwa upande wa mhariri moja kwa moja. Bado naona alikuwa na haki, kwa sababu ukurasa unaotaja tani, bei ya kukodi na bima unahitaji neno lisilo na hisia. Lakini tazama upande wa pili: HMS Prince of Wales, manowari ya Uingereza, ina jina la cheo cha mwanamume, na mabaharia wake huiita "she". Hapo neno halielezi umbo wala tabia ya kike. Linasema tu kwamba msemaji anaijua meli hii na maisha yake yako ndani yake. Meli ngeni inayoonekana kwa mbali, baharia huyohuyo anaweza kuiita "it".

Katika lahaja za kusini-magharibi mwa Uingereza, shoka au koleo, vitu vinavyohesabika, viliitwa "he". Maji na maziwa yakawa "it". Sisi wenye ngeli tunalielewa hilo upesi. Hakuna anayeona kiti ni kidogo kwa sababu ya ki-. Tofauti ni kwamba "she" mahali pengine pote humaanisha mwanamke, basi msikilizaji hawezi kulaumiwa akimsikia mwanamke.

Sasa ufasiri, maana hapo ndipo kazi inapoharibika. Chukua sentensi kuhusu Titanic: "She sank at 2.20 a.m. and her captain was lost with her." Mfasiri mwenye haraka ataandika: "Alizama saa 8:20 usiku na nahodha wake akapotea naye." Msomaji anamwona mwanamke aliyekufa maji. Sahihi ni: "Ilizama saa 8:20 usiku, na nahodha wake akafa nayo." A- imekuwa i-, naye imekuwa nayo, ila wake imebaki, kwa kuwa inafuata nahodha. Wengi husahihisha kitenzi cha kwanza na kuisahau naye. Aya mbili mbele a- inarudi kimyakimya. Dawa ni kuchagua nomino moja mwanzoni na kuishikilia: meli ni i-, chombo ni ki-, jahazi ni li-. Ukizichanganya, viambishi navyo vitachanganyika. Ukimaliza, pitia kila "she" na "her" ya matini asilia na uiandikie pembeni inamrejelea nani.

Kwa hiyo jibu langu? Katika Kiingereza cha taarifa, mkataba na mtihani, andika "it". Lakini siungi mkono kuifuta kabisa kama nilivyokusudia kusema. Baharia akiiita meli yake "she", usimsahihishe, na ukimnukuu liache neno lake. Dharau, ninavyoona, imo zaidi katika mizaha inayoambatana nalo, ya kumfananisha mwanamke na meli kwa rangi za kujipamba na gharama za matengenezo, na mizaha hiyo haitaisha kwa kubadili kiwakilishi. Kwa nchi msimamo wangu ni mkali zaidi: "she" ya nchi katika ripoti haina kazi yoyote, isipokuwa ndani ya hotuba inayonukuliwa.