Ibanez yenye namba H782345

Mkuu, umeuliza umri wa hilo gitaa la kampuni ya Ibanez unalotaka kununua: ni la Agosti 1978. Kwa Ibanez za Japani za miaka ile, herufi ya kwanza ni mwezi: A ni Januari, L ni Desemba, kwa hiyo H ni wa nane. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, zilizobaki ni namba ya utengenezaji. Utaratibu huo ulianza 1975. Za kabla yake nyingi hazina namba kabisa.

Ila usilipe bado. Kama namba iko kwenye lile bamba la chuma la nyuma, pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa, linashikwa na skrubu nne tu, na mtu anaweza kuhamisha la gitaa lingine. Tazama matundu ya skrubu: mbao iliyochokonolewa ikuamshe.