Ukitaka kutengeneza magemu, anza kwa kumsoma Carol Shaw

Kijana akinijia na hamu ya kutengeneza magemu, swali lake la kwanza huwa ni mashine. Anunue kompyuta gani, RAM kiasi gani, kadi ya picha ipi. Mimi humrudisha hadi mwaka 1982, kwa Carol Shaw na gemu lake la River Raid. Kwa kuichambua kazi ya mama huyu nimejifunza mengi kuliko kwenye kozi yoyote niliyolipia.

Shaw alisoma uhandisi wa umeme na sayansi ya kompyuta pale Berkeley, California, akaajiriwa na Atari, kampuni ya magemu, mwaka 1978. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa kulipwa kwa kuandika programu za magemu. Mashine aliyokabidhiwa, ile iliyokuja kuitwa Atari 2600, ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 128, na baiti moja hubeba takriban herufi moja. SMS moja iliyojaa herufi 160 haiingii humo. Wala haikuwa na mahali pa kuweka picha ya skrini nzima. Picha ilichorwa papo hapo, mstari kwa mstari, huku mwale unaochora picha ndani ya televisheni za enzi hizo ukikimbia kutoka kushoto kwenda kulia. Kila mstari ulikuwa na mizunguko 76 ya prosesa, yaani mapigo yake ya kazi, na amri moja hula mizunguko kati ya 2 na 7. Ukipiga hesabu, unabaki na amri ishirini na kitu za kusema maji yaanzie wapi, ukingo uwe na rangi gani, ndege ikae upande upi. Ukichelewa, picha inaharibika mbele ya macho ya mchezaji.

Sasa angalia alichokifanya. Kwenye River Raid unarusha ndege juu ya mto, unalipua meli, helikopta na madaraja, na unapita juu ya matangi ya mafuta usije ukaishiwa. Mto wenyewe ni mrefu ajabu, unapanuka, unabanana, unazunguka visiwa. Programu nzima ilipaswa kukaa kwenye kilobaiti 4 za kaseti ya gemu, kando na zile baiti 128 za kumbukumbu ya kazi, na ramani ya mto wa namna hiyo isingetosha humo. Basi Shaw hakuweka ramani. Aliandika kanuni fupi inayoshika namba, inasogeza na kuchanganya biti zake (zile sifuri na moja zinazoiunda), inatoa namba nyingine, na kutokana na namba hizo mto unajichora. Kwa kuwa namba ya kuanzia haibadiliki, mto ni uleule kila ukiwasha, na mchezaji mwenye bidii anaweza kuukariri.

Ninachokipenda zaidi ni kingo. Chipu ya picha iliweza kuchukua nusu ya kushoto ya skrini na kuirudia kulia ikiwa imegeuzwa. Ndiyo maana kingo mbili za mto zinalingana. Mchezaji haoni ufinyu wa mashine hapo, anaona mto uliopendeza.

Mimi riziki yangu inatokana na menyu za USSD, zile za kupiga nyota na reli, ambako ukurasa mmoja una herufi 182, nafasi zikihesabiwa. Kiswahili chetu kina maneno marefu. "Tafadhali ingiza namba yako ya siri ili kuthibitisha malipo" inakula theluthi ya ukurasa. "Weka namba ya siri kulipa" inamtosha mama anayelipia umeme, na anaielewa haraka zaidi. Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kuomba nafasi zaidi, kaa na nafasi uliyopewa mpaka ujue kila baiti inafanya nini. Uelewa huo utakufuata hata ukihamia kwenye mashine kubwa.

Halafu kuna suala la jina. Enzi hizo Atari haikutaja waandishi wa magemu yake. Warren Robinett, mwandishi mmoja wa hapo, alificha jina lake kwenye chumba cha siri ndani ya gemu lake la Adventure. Wenzake wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, waliondoka mwaka 1979 wakashiriki kuanzisha Activision, kampuni iliyomtaja mwandishi wa kila gemu. Shaw alijiunga nao mwaka 1982, na River Raid ikatoka ikiwa na jina lake. Nawasihi: ulizeni habari ya jina na ya mgawo wa mauzo kabla hamjaandika mstari wa kwanza, na majibu yaandikwe kwenye mkataba. Nimeona vijana hodari wakikosa hata picha ya kuonyesha kuwa kazi ilikuwa yao.

Shaw aliandika gemu jingine, Happy Trails, akaondoka Activision mwaka 1984 na kurudi Tandem, kampuni ya kompyuta aliyowahi kuifanyia kazi. Mwaka 1990 akastaafu mapema. Tuzo ya heshima kutoka The Game Awards ilimfikia mwaka 2017.

Kama una laptop yoyote, hata ya zamani, pakua Stella, programu ya bure inayoiga Atari 2600, pamoja na DASM, programu inayotafsiri lugha ya asembli, yaani amri za prosesa zilizoandikwa kwa vifupisho, ziwe namba ambazo mashine inazielewa. Usikimbilie ndege wala mto. Anza kwa kubadilisha rangi ya usuli kila mstari mpya unapoanza, ukihesabu mizunguko kwa kalamu na karatasi. Rangi zikitulia bila kutetemeka, ongeza ukingo mmoja wa kushoto, kisha iambie chipu iugeuze kulia.