Video ya bisi ilinipata nikiwa fundi tayari

Mkuu, umeuliza inakuwaje mtu anayeijua teknolojia anaingia mkenge kwa video ya mzaha, wakati asiyejua kitu anacheka na kupita zake. Nakujibu kama mhanga, tena nikiwa fundi simu.

Mwaka 2008 zilisambaa video za vijana waliopanga simu mezani, katikati wameweka punje za mahindi. Simu zinaita, punje zinaruka, bisi hizo. Asiyejua aliona kiinimacho. Mimi nikaona sayansi! Nilijua maikrowevu inapika kwa mawimbi ya redio na simu nayo inarusha mawimbi ya redio, nikaunganisha. Wenzangu niliwapa mhadhara mzima wa jinsi mawimbi ya simu nne "yanavyogongana katikati". Video yenyewe haikueleza chochote. Maelezo yote niliyaleta mimi.

Usiku nikajaribu kwa simu nne za wateja (Mungu anisamehe). Ziliita weee. Mahindi hayakupata hata uvuguvugu.

Hesabu niliyoiruka ni fupi. Maikrowevu za kawaida zina wati 700 hadi 1,000, na boksi lake la chuma linayazuia mawimbi yasitoke nje, yaishie kwenye chakula. Simu ya GSM (mtandao wa 2G) kilele chake ni wati 2, nazo inazitawanya huku na huko. Punje inapasuka kwenye nyuzi joto kama 180 za Selsiasi, maji ya ndani yakiwa mvuke uliokosa pa kutokea. Simu zingekuwa na ubavu huo, vidole vyetu vyenye maji mengi kuliko mahindi makavu vingeiva kwanza. Baadaye ikajulikana video zile zilikuwa tangazo la kampuni ya hedifoni za bluetooth: bisi zilidondoshwa kutoka juu, punje zikafutwa kwa kompyuta.

Zipo pia video zinazocheza na hamu tu. Machi 2014 ilitoka video ya HUVr, ubao unaoelea hewani, Tony Hawk, gwiji wa skateboard (ubao wa magurudumu), akiwa juu yake. Siku chache baadaye Funny or Die, tovuti ya vichekesho, wakakiri ni kazi yao, na Hawk akaomba radhi. Hiyo ilinishika kama nusu saa, sitaki kusema zaidi.

Iliyoniuma ni ya 2016. iPhone 7 ilitoka bila tundu la hedifoni, ikafuata video ya jamaa anayetoboa yake kwa drili akidai tundu limefichwa ndani. Mteja mmoja, mtengeneza tovuti, kichwa kweli kweli, aliniletea ya kwake ikiwa na shimo safi, la mviringo, pembeni mwa sehemu ya kuchajia. Kioo hakiwaki. Nikaifungua nikamwonyesha kwamba pale penye tundu la zamani sasa imekaa mota ya mtetemo, au tuseme mabaki yake.

Hakuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni huweka uwezo kwenye kifaa kisha zikaufunga kwa makusudi. Ni kweli zinafanya hivyo, mimi mwenyewe nimeshaviona vifaa vya namna hiyo. Aliichukua kweli hiyo akaibebesha drili, kama nilivyoibebesha maikrowevu mahindi yangu.

Nikamrudishia simu yake kwenye mfuko wa plastiki. Akafika mlangoni, akageuka: "Fundi, au ningetoboa upande wa kulia?"